Mwanya wa Seremala

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na bati lilikuwa bado linatiririka lori lilipofika na vyuma. Wamevishusha kando ya barabara, kuanzia darajani hadi kwenye mashine ya kusaga. Ni mikanda mirefu ya chuma, ya kufungwa kwenye nguzo fupi, inafika juu ya kiuno changu. Msimamizi wao ni mtu mrefu mwenye kofia ya njano asiyoivua hata akiwa kivulini. Amesema hizo ni kingo za usalama, ili magari yanayoteleza konani yasianguke tena bondeni.

Nikamuuliza, "Na sisi tutapitia wapi?"

Akatazama ramani yake. "Kwani mlikuwa mnapitia wapi?"

"Popote."

"Basi hapo ndipo penye tatizo," akasema, akacheka peke yake.

Karakana yangu imekaa kandoni kabisa, mlango unatazama lami. Kabati likiisha, mteja analeta gari mpaka kizingitini, tunapakia, anakwenda zake. Chuma hiki kikipita hapo nitakuwa kama kuku aliyefunikwa tenga.

Wakati wa kula nikamweleza mama pacha. Sote tunamwita hivyo, hata mimi, tangu watoto wetu walipozaliwa wawili kwa mpigo. Akaacha tonge mkononi. "Lazima pawe na mkutano," akasema. Ndilo neno nililotaka kulisema mimi, ila nilikuwa bado natafuna.

Alhamisi, 6 Machi

Nguzo zimefika mpaka kwa Mama Maziwa, jirani yetu muuza maziwa. Mvua mchana kutwa. Gundi haikauki.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano umefanyika shuleni, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Mzee wa Mashine, yule anayetusagia nafaka, ndiye aliyeuendesha. Kila mtu alikuwa na lake. Ng'ombe watavukia wapi, mikokoteni itapita wapi, mzazi mwenye uchungu atarushwa juu ya chuma kama gunia? Mama Maziwa akasema yeye kila asubuhi hubeba madumu mpaka barabarani kulisubiri gari la maziwa, na goti lake moja tayari limestaafu.

Mzee wa Mashine akasema, "Tunataka mtu wa kutusemea." Akageukia upande wetu, akaniangalia kabisa, au ndivyo nilivyoona. "Simama basi, watu wakuone."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu Ijumaa. Maneno nilikuwa nayo kichwani yamepangwa kama misumari kwenye kopo. Kumbe mama pacha naye alikuwa amesimama, ubavuni kwangu. Mzee wa Mashine akasema, "Si wewe, fundi. Yeye."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Nikakaa. Mke wangu akasema dakika chache tu, kwa sauti ileile anayonitumia kuniuliza kama nimefunga mlango, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Alisema vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 12 Machi

Mama pacha amekwenda kuonana na Kofia (sasa kijiji kizima kinamwita hivyo). Amerudi na ahadi: wataanza kufunga vyuma konani, ambako hakuna anayepinga, na mbele ya nyumba zetu watasubiri mpaka mkubwa wao aseme neno.

"Umempataje?" nikamuuliza.

"Nimemwomba."

Mimi nilipomwuliza nilichekwa.

Jumapili, 16 Machi

Kamati imeundwa, mama pacha ndiye mwenyekiti, na nyumba imejaa wanakamati. Mimi ndiye niliyechemsha chai.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa jioni. Nilikuwa napiga randa mguu wa meza nilipoona gari la Kofia linasimama mbele ya karakana, na mke wangu anashuka upande wa mbele, anacheka. Mkononi ana kofia ya njano, amejifunikia kichwa. Yule bwana kichwa wazi. Kumbe ana upara, na upara wenyewe haujamharibu.

Akateremsha kioo. "Mwenyekiti nimekuletea salama, shemeji."

Shemeji. Shemeji wa wapi? Kwetu hajaoa, na kwao sijaoa.

Usiku mama pacha akanisimulia walivyokwenda kupima njia ya ng'ombe pamoja, na jinsi Kofia alivyoteleza akakaa kwenye tope. Alipofika hapo akacheka tena, peke yake, hadi machozi. Nikamwambia nimechoka. Nikalala nimegeukia ukuta. Hata usingizini niliuona ule mguu wa meza, niliouparuza mpaka ukawa mwembamba kuliko wenzake.

Jumanne, 25 Machi

Lori limeteleza konani asubuhi. Vyuma vya pale vilishafungwa. Limevigonga, likavisugua hatua nyingi, likasimama. Kwa chini kuna nyumba ya mwalimu na wanawe. Dereva alikaa ukingoni, anatazama paa la nyumba ile.

Jioni wanakamati wakaja na hasira zao kama kawaida, na mama pacha akawaambia, "Leo tumeona kwa macho. Vyuma si adui. Tunachodai ni milango. Penye njia pawe na mwanya, basi." Wengine wakanung'unika. Mzee wa Mashine akasema amenena.

Mimi nikawaza: haya ni maneno ya Kofia yamepita kwenye kinywa cha mke wangu. Nilijua si kweli nikiwa bado nayawaza. Wivu hauombi ushahidi.

Jumamosi, 29 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja kuchukua stuli yake. Dada haketi mahali bila kusema jambo. Akaikalia stuli ileile, akanitazama ninavyopiga msasa.

"Unasugua nini hivyo, mbao au mtu?"

Nikamweleza kuhusu gari, kofia, shemeji, kicheko. Alisikiliza yote.

"Mdogo wangu, wivu wako ni wa aina mbili na umeuchanganya kwenye sufuria moja," akasema. "Unamwonea wivu yule mwanamume kwa sababu ya mkeo, au unamwonea wivu mkeo kwa sababu ya watu?"

"Mwanamume," nikasema.

"Haya," akasema dada, akabeba stuli yake. Alivyosema hiyo haya, afadhali angenitukana.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Nimekula peke yangu. Yuko kwenye kikao.

Jumamosi, 5 Aprili

Mkubwa wa Kofia amejibu: hakuna mianya, usalama hauna mlango. Mama pacha amewakusanya watu mbele ya mashine. Hakupandisha sauti. "Tutamwomba aje mwenyewe aone," akasema. "Mpaka hapo, mtu yeyote asipokee kitu cha peke yake. Ama tunapata sote, ama tunakosa sote. Tukigawanyika tumekwisha." Watu wakaitikia. Mama Maziwa akamkumbatia.

Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na magunia. Hakuna aliyenitazama. Hata yeye.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimekwenda kwa Kofia. Anakaa kwenye kibanda cha mabati karibu na daraja. Nilivaa shati la kutokea, sijui kwa nini. Nilidhani nakwenda kumwambia aache kumwita mke wangu hivi na vile. Nilipofika maneno yale yakakimbia, yakaja mengine. Nikamweleza karakana yangu ilivyokaa, kabati lilivyo na upana, meza isivyoweza kurushwa juu ya chuma. Nilisema kwa mpangilio, bila kukwama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui mara ya mwisho ni lini mtu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo rahisi, shemeji," akasema. "Kwako nitaacha mwanya. Mmoja naruhusiwa, kwa ajili ya biashara."

"Na wengine?"

"Wengine wana mwenyekiti wao."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani kifua mbele kama jogoo, nikamkuta mama pacha amelala kitini, miguu ina tope. Sikumwamsha na sikumwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Wameanza kufunga mbele ya nyumba. Wametokea upande wa mashine, wanakuja huku kwangu. Nyundo mchana kutwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa ya chai wakafika kwenye karakana. Nguzo ya mwisho wakaisimamisha kwenye kona ya ukuta wangu, wakaruka mlango wangu, wakaendelea upande wa pili. Ukitazama barabara yote, kuna pengo moja tu, mbele yangu, kama jino lililong'oka.

Watu walianza kuja mmoja mmoja. Hawakuingia. Walisimama, wakatazama, wakaondoka. Halafu akaja Mzee wa Mashine, akiwa mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi.

"Kumbe vikao vyote vile vilikuwa vya mlango wa mumewe," akasema.

Nilikuwa na brashi ya gundi mkononi. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Niliangalia kopo la gundi. Na nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia: chini kabisa ya aibu, kulikuwa na kitu kitamu. Kwamba leo wanamsema yeye.

Mama pacha alirudi magharibi. Alishaambiwa njiani. Akasimama kwenye mwanya, mguu mmoja kwenye lami na mmoja kwenye kizingiti.

"Nani kauomba huu?"

"Labda Kofia kaona karakana," nikasema.

Akanitazama sana, akaingia ndani.

Jumatano, 16 Aprili

Amekwenda kibandani kumwuliza Kofia mwenyewe. Aliporudi hakuvua hata viatu.

"Ulivaa shati la kutokea," akasema.

Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Kwa nini, baba pacha?"

"Nilitaka kupata kitu kwa mdomo wangu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei asiyoitegemea. "Umekipata," akasema.

Jioni akaenda kwa Mzee wa Mashine akajiuzulu. Nilidhani atanitaja. Pacha wa kwanza alikuwepo, amenisimulia: mama alisema tu, "Mwanya uko mbele ya mlango wetu, kwa hiyo siwezi kuwasemea tena." Wakamwacha aende. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumamosi, 19 Aprili

Yuko nyumbani. Amefagia, amefua, amepika. Nimepata nilichokuwa nakitaka: mke wangu yuko nyumbani, hakuna anayemwita, hakuna gari linalosimama. Ananiita "wewe". Chakula kiko tayari, wewe. Maji yako hapo, wewe.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Hakuna mteja. Watu wa hapa hawaleti tena kazi. Wa mbali wanakuja, wanausifia mwanya.

Jumapili, 27 Aprili

Kamati sasa anaiongoza Mzee wa Mashine. Kofia hampokei. Nimemwona mzee amesimama mvuani nje ya kibanda, kofia ya njano inaonekana dirishani, haitikisiki. Kumbe mlango ule haukuwa unafunguka kwa sababu ya tabasamu la mtu. Mke wangu alikuwa anakwenda na vipimo, na majina ya kila njia, na ng'ombe wa kila mtu. Nilivikuta vipande vya kamba alivyokuwa akipimia, vimefungwa mafundo, vinaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi fundi, nilikuwa namwonea wivu kila siku, sikuwahi kumwazima hata futi yangu ya kupimia.

Ijumaa, 2 Mei

Nitaandika hili polepole.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, chuma kinateleza kama kimepakwa sabuni. Mama Maziwa alikuja na madumu yake. Mwanya wangu hauna faida kwake, maana unaishia kizingitini kwangu: kushoto mtaro, kulia ukuta wa matofali, na karakana haina mlango wa nyuma. Hata kama ungekuwa na faida asingepita. Tangu siku ile hunipita kama anavyopita kichuguu.

Alivusha dumu la kwanza juu ya chuma, kando ya mwanya wangu. La pili akapanda nalo. Nilikuwa namtazama kupitia dirishani, nikajiambia nitoke nimsaidie, nikajijibu atanitolea maneno. Goti likamsaliti. Akaanguka kinyumenyume, upande wetu, mtaroni, na mguu ukagonga zege. Nilisikia mfupa. Maziwa yakatiririka na maji ya mvua yakawa kitu kimoja.

Nilitoka nikikimbia, nikarukia mtaroni na ubao wa mlango niliokuwa nautengeneza, tukamlaza juu yake, watu wanne. Gari la maziwa lilishasimama barabarani, dereva kafungua. Kati yetu na gari ulikuwepo mkanda mmoja wa chuma. Tulimnyanyua juu ya vichwa vyetu, tukampitisha, na ule mlango ukainama, naye akapiga ukelele ambao sijausikia tangu watoto wangu wazaliwe. Mama pacha alikuwa upande wa pili anampokea. Macho yetu yakakutana chini ya ule ubao. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia tu kama anayesubiri kuona mimi ni mtu gani.

Daktari amesema mguu utapona, ila asibebe kitu mpaka mavuno.

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoa nje vitanda viwili, kabati, viti, meza yenye mguu mwembamba. Nimepanda juu nikaanza kung'oa mabati.

Mzee wa Mashine akaja. "Unahama?"

"Nabomoa."

"Kwa nini?"

"Mwanya uko mbele, njia yetu iko nyuma, na katikati kuna karakana."

Akautazama ukuta wa nyuma. Watu wengine wakasogea. Niliona bora niyaseme nikiwa juu, kabla sijashuka nikakutana na nyuso zao. "Mwanya niliuomba mimi," nikasema. "Mama pacha hakujua mpaka siku alipouona kama mlivyouona nyinyi. Niliona wivu anavyosikilizwa. Kumbukeni mliyomwambia, halafu mkamwambie mengine."

 Mmoja akatema mate. Mzee wa Mashine akageuka akaondoka, nami nikaendelea na misumari. Baada ya muda nikasikia kishindo upande wa nyuma. Alikuwa amerudi na mtaimbo, amekunja mikono ya shati, anaupiga ukuta wangu kwa hasira zake zote. Sikumzuia. Ulikuwa ukuta mgumu na nilihitaji mtu mwenye hasira.

Mchana mama pacha akaja, akasimama kwenye kifusi. "Bawaba za madirisha msizivunje," akasema. "Zing'oe taratibu, tutazihitaji." Alisema tutazihitaji. Nimelirudia neno hilo jioni nzima.

Jumanne, 6 Mei

Ng'ombe wa kwanza wamepita palipokuwa na benchi langu. Mmoja akaacha alama yake hapohapo.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imepungua. Nafanyia kazi nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Wateja wa mbali hawanioni tena. Nilijua itakuwa hivyo, na bado inauma.

Jumanne, 20 Mei

Mkubwa wa Kofia amekuja hatimaye. Mzee wa Mashine alikuja kwetu mapema, akavua kandambili mlangoni, akamwomba mama pacha radhi, kisha akamwomba aseme.

"Uenyekiti siutaki," akasema. "Leo nitasema."

Nilimpa futi yangu. Akaipokea bila neno, akaitia mfukoni.

Alimweka yule mkubwa kwenye mwanya asubuhi, wakati wa shule na maziwa, akamwacha atazame. Watoto, madumu, mikokoteni, mkwe wa Mama Maziwa na ng'ombe wake, wote wanapita pale kwa foleni, hakuna anayeparamia chuma. Kisha akampeleka kwenye njia ya shule, akampeleka kwenye mashine, akapima mbele yake. Hakuomba mianya mingi. Aliomba miwili. Kona ibaki imefungwa, tena iongezwe chuma cha pili kwa ajili ya nyumba ya mwalimu.

Yule mkubwa akamuuliza Kofia kwa nini hakuambiwa haya. Kofia akaishika kofia yake. Nilimtazama amekwama hivyo, na sikupata utamu niliokuwa nimeutarajia.

Miwili imekubaliwa.

Jumamosi, 31 Mei

Jua siku nzima. Watu wameanza kuvuna upande wa bondeni. Mama pacha aliniita "baba pacha" wakati wa chai, halafu akajishtukia. 

Jumamosi, 7 Juni

Mafundi wamemaliza kukata mwanya wa shule na wa mashine, na leo wanaondoka. Kofia amekuja kuaga. Nilikuwa nyuma napiga randa, nikamsikia uani, kisha nikamsikia mke wangu anacheka. Ni kicheko kilekile cha siku ya mvua, kile cha kutoka tumboni. Sijakisikia tangu Aprili.

Mkono ukasimama juu ya mbao. Nikajua kila kitu nilichokijua: kwamba hakuna jambo kati yao, kwamba yule bwana anakwenda zake, kwamba mimi ndiye niliyemnyima mwenzangu kicheko hicho. Kujua hakukusaidia. Kifua kilikuwa kinawaka kama cha mtu aliyekunywa chai ya moto kwa pupa.

Nikaweka randa chini, nikatoka na vumbi la mbao mwilini, nikaenda nikasimama mbele ya benchi walilokuwa wameketi. Wakaacha kucheka.

"Endeleeni," nikasema. "Nimesikia mnacheka nikaona wivu. Nimeona nije niuone wivu wenyewe hapahapa, kuliko kule nyuma peke yangu."

Kofia akatazama viatu vyake. Mama pacha alinitazama mimi, muda mrefu, kama anavyotazama kipimo anachotaka kukihakikisha mara ya pili. Kisha akasogea kwenye benchi, akaupangusa ule upande uliobaki wazi kwa kiganja chake.

"Nilikuwa namkumbusha alivyokaa kwenye tope," akasema. "Keti. Nianze upya."